Ofisi inahamia programu huria, mimi nimezoea za kulipia: nianzie wapi?

BARUA

Mwalimu, shikamoo.

Mimi ni mwanamke wa miaka 39, msimamizi wa seva katika kampuni ya ukubwa wa wastani. Kazi hii nimeifanya kwa miaka 12, na miaka yote hiyo nimeishi ndani ya programu za kulipia: mfumo wa seva wa kulipia, hifadhidata ya kulipia, na programu ya kugawa seva moja kubwa kuwa mashine pepe nyingi, nayo ya kulipia. Nazijua ndani nje. Kitu kikigoma usiku najua dirisha la kufungua na mahali pa kubofya. Nikishindwa, kuna namba ya mkataba. Nafungua tiketi, na mtu wa upande wa pili anakesha pamoja nami mpaka seva isimame.

Mwaka huu mambo yamegeuka. Tulipofika kuhuisha leseni, muuzaji wa ile programu ya mashine pepe alikuwa amefuta leseni za kununua mara moja na kuleta ada ya kila mwaka, inayohesabiwa kwa idadi ya viini (core) vya prosesa. Ankara ilikuja imepanda mara nne. Mkurugenzi wa fedha aliisoma, akairudia, akaiweka mezani na kuuliza: "Tukikataa je?" Hapo ndipo uamuzi ulipopitishwa. Ndani ya miezi 18 seva zote zihamie Linux, mfumo huria wa kuendesha kompyuta, hifadhidata iwe PostgreSQL, nayo huria, na huduma zetu nyingi ziingizwe kwenye kontena, yaani vifurushi vinavyobeba programu pamoja na kila inachohitaji.

Meneja wetu mpya wa TEHAMA ni kijana wa miaka 28, mwepesi na mwenye adabu. Lakini siku ile kikaoni alisema vitu vya kulipia vimeshapitwa na wakati. Najua hakunikusudia mimi. Hata hivyo nilirudi mezani kwangu nikakaa hadi jioni bila kufanya kazi yoyote ya maana.

Nimeanza kujifunza usiku, watoto wakishalala. Nafungua ile skrini nyeusi, naandika amri, nasahau, natafuta tena. Wiki iliyopita nilikuwa na mashine ya mazoezi, nikakutana na faili inayokataa kufunguka. Nikasoma mahali kwamba suluhisho ni chmod 777, amri ya kubadilisha ruhusa za faili, nikaipiga kwa folda yangu nzima na vyote vilivyomo. Faili ikafunguka. Nilipotoka na kutaka kuingia tena, mashine ikanikataa, ikawa kana kwamba hainijui. Nilifunga kompyuta nikaenda kulala nikiwa na machozi. Kwa miaka 12 sikuwahi kujifungia nje ya seva yangu mwenyewe.

Naogopa nisiwe yule mzoea vya kunyonga ambaye vya kuchinja haviwezi.

Kuna jambo la pili. Mkurugenzi wa fedha aliniita pembeni akaniuliza: "Kitu cha bure kikituharibikia, tutamdai nani?" Sikuwa na jibu. Tena nimesikia kwamba kuna mtu asiyejulikana aliyewahi kupenyeza mlango wa nyuma, yaani njia ya siri ya kuingilia, katika programu huria inayotumiwa na dunia nzima. Kama watu tusiowajua ndio wanaoziandika, tunaziaminije na data za wateja?

Na la tatu, ambalo naona aibu kulitamka ofisini: ikiwa programu yenyewe ni ya bure, mshahara wa anayeisimamia si utashuka pia? Rafiki yangu ananishauri nihame mapema, nitafute kampuni ambayo bado inatumia nilivyovizoea, nimalizie miaka yangu huko kwa amani.

Nikae au niondoke? Na nikikaa, nianzie wapi?

Msimamizi mwenye mashaka


JIBU

Marahaba, mwanangu.

Nitaanza na swali la mkurugenzi wa fedha, kwa sababu hofu zako nyingine zimejificha ndani yake.

Tutamdai nani? Kwa programu yenyewe, hakuna wa kumdai. Fungua leseni yoyote ya programu huria, iwe GPL, MIT au Apache, utakuta kifungu kinachosema kwamba programu imetolewa kama ilivyo, bila dhamana. Usimfiche mkurugenzi jambo hilo. Ila kabla hujarudi kwake, toa kabatini mkataba wa ile programu mnayoiacha, usome sehemu ya mipaka ya dhima. Mikataba ya aina hiyo kwa kawaida humkinga muuzaji asilipe hasara ya biashara iliyosimama, na fidia, ikiwepo, huishia kwenye kiasi cha ada mliyomlipa. Kwa hiyo hata huko hamkuwa na mtu wa kumdai. Mlichokuwa mnakinunua ni mtu wa kupokea simu usiku.

Na mtu huyo ananunulika upande huu pia. Red Hat, SUSE na Canonical wanaishi kwa kuuza msaada wa Linux. Ziko kampuni zinazouza msaada wa PostgreSQL peke yake, na baadhi ya waandishi wa hifadhidata hiyo wameajiriwa humo. Tofauti ni kwamba mkikosana na mmoja mnahamia kwa mwingine bila kubadilisha programu, jambo ambalo ile ankara iliyopanda mara nne imewaonyesha kwamba hamkuwa nalo. Mwambie mkurugenzi atenge fungu la msaada kwa mfumo wa seva na kwa hifadhidata, angalau kwa miaka miwili ya kwanza, na fungu jingine la mafunzo. Anayedhani atafuta gharama ya leseni na kubaki na sifuri ataumia, na lawama itakuangukia wewe.

Hapo hapo kuna jibu la swali lako la mshahara. Mwaka 2019 IBM ilikamilisha ununuzi wa Red Hat kwa dola bilioni 34. Fikiria hilo kwa utulivu. Msimbo wa Red Hat, yaani maandishi yanayounda programu zake, ulikuwa tayari unasomeka, na watu walikuwa wakiutumia kutengeneza matoleo yao wenyewe ya Linux yanayofanana nao. IBM haikulipa fedha hizo ili ipate kuuona. Ililipia watu wanaoufahamu, ahadi ya kutoa viraka vya usalama kwa toleo moja kwa muda wa miaka 10, na wateja wanaoiamini ahadi hiyo. Leseni ikishaacha kuwa bidhaa, kinachobaki cha kuuza ni ujuzi wa mtu na uwajibikaji wake. Neno huria linatokana na uhuru wa kuusoma msimbo, kuubadilisha na kuusambaza. Kazi ya kuulea haijawahi kuwa ya bure.

Meneja wako yuko sahihi kuhusu uelekeo. Linux iliyoanzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991, akiwa mwanafunzi Helsinki, leo ndiyo inayoendesha sehemu kubwa ya seva zinazokodishwa kwenye wingu, na tangu Novemba 2017 kompyuta zote 500 zenye nguvu kuliko zote duniani, katika orodha ya TOP500, zinatumia Linux. Kubernetes, mtambo wa kupanga kontena, ulitoka Google mwaka 2014 ukiwa huria tangu siku ya kwanza. Git, ambayo waandishi wa programu wanaitumia kila siku kutunza historia ya mabadiliko, iliandikwa na Torvalds huyo huyo mwaka 2005, baada ya ruhusa ya kutumia bure programu ya kampuni moja kuondolewa. Yaani ilizaliwa kutokana na kisa kinachofanana na chenu.

Ila aliposema vya kulipia vimepitwa na wakati, alikosea, na nadhani umri ndio uliomkosesha. Kampuni nyingi zitaendelea kuchanganya. Pawepo na programu ya kulipia inayofanya kazi yake vizuri kwa bei inayoeleweka, iacheni ilipo.

Sasa nirudi kwenye ile mashine iliyokufungia nje. Nimeufurahia mkasa huo kuliko kitu kingine chochote katika barua yako, na nitakueleza kwa nini.

Ulipopiga chmod 777 kwa folda yako nzima, ulitoa ruhusa kwa kila mtumiaji wa mashine ile kuandika ndani yake. Ndani ya folda hiyo kuna folda ndogo iliyofichika, .ssh, ambamo huhifadhiwa orodha ya funguo zinazoruhusiwa kuingia. Programu inayopokea watu mlangoni, sshd, ina kanuni moja kali: ikikuta folda yako au orodha ya funguo inaweza kuandikwa na mtu mwingine, haiiamini tena orodha hiyo. Na ina haki. Mtu yeyote angeweza kuongeza ufunguo wake humo na kuingia kwa jina lako. Kwa hiyo mashine haikukusahau. Ilikuwa inakulinda dhidi ya mlango ulioufungua wewe mwenyewe.

Ungeingia kupitia konsoli ya mashine yenyewe na kusoma logi (kumbukumbu za matukio ya mashine) kwa journalctl, ungeukuta mstari mmoja unaosema kwamba uthibitisho umekataliwa kwa sababu ya umiliki au ruhusa mbaya za faili, ukiitaja faili yenyewe kwa jina. Dawa yake ni amri tatu fupi: 700 kwa .ssh, 600 kwa orodha ya funguo, na kuwaondolea wengine ruhusa ya kuandika kwenye folda yako kuu. Hizo namba si uganga. Ya kwanza ni yako, ya pili ni ya kundi, ya tatu ni ya watu wengine wote. 4 ni kusoma, 2 ni kuandika, 1 ni kuendesha, unazijumlisha.

Fanya jambo moja zaidi. Msimbo wa OpenSSH, mradi unaotengeneza sshd, uko wazi, na maneno ya ule mstari wa logi unaweza kuyatafuta ndani yake. Utafika kwenye kipande chenyewe kinachokagua ruhusa, na hata kama hujui lugha ya C utaona kwamba kuna mtu aliyekaa akafikiri: nani anaimiliki faili hii, nani anaweza kuiandika, basi kataa. Kwa miaka 12, seva ilipokukatalia jambo, sababu ilikuwa ndani ya sanduku lililofungwa, na ulilazimika kumwomba mwenye sanduku akuchungulilie. Sasa sababu iko mezani. Ukishaonja hilo mara moja, ile skrini nyeusi inaanza kukutii.

Na tazama ni kiasi gani cha kazi hii unakijua tayari. Unajua diski hujaa usiku wa kufunga hesabu. Unajua jina la mtandao lililokosewa herufi moja linaweza kusimamisha ofisi nzima, na kwamba bekapu isiyowahi kurudishwa si bekapu. Unajua kutogusa kitu Ijumaa jioni. Hayo hayakuwa mali ya muuzaji wako. Palipokuwa na dirisha la kuonyesha diski sasa kuna df -h. Palipokuwa na jedwali la kazi zinazoendeshwa kuna top. Majina hayo utayazoea kwa miezi mitatu. Busara ya kujua lini uyatumie imekuchukua miaka 12, na kijana wako bado yuko njiani kuitafuta.

Tuje kwenye hofu ya mlango wa nyuma. Ulichosikia ni kweli, na nataka ukijue chote.

Machi 2024 mhandisi aitwaye Andres Freund, mmoja wa waandishi wa PostgreSQL na mwajiriwa wa Microsoft, alikuwa akipima kasi ya hifadhidata. Akagundua kwamba kuingia kwenye mashine kwa SSH, njia ile ile iliyokukataa wewe, kunachelewa takriban nusu sekunde na kunatumia nguvu nyingi ya prosesa kuliko kawaida. Wengi wetu tungepita. Yeye alifuata ule uzi hadi kwenye maktaba ndogo ya kubana faili iitwayo xz, toleo la 5.6.0 na 5.6.1, akakuta imepandikizwa mlango wa nyuma. Aliyeupandikiza alijiita Jia Tan. Kwa zaidi ya miaka miwili alijitolea kwenye mradi ule, akituma marekebisho mazuri, huku majina mengine ambayo huenda yalikuwa ya bandia yakimshinikiza mtunzaji wake, mtu mmoja aliyechoka na asiyelipwa, amkabidhi sehemu ya mamlaka. Matoleo yale yalikuwa yameanza kuingia kwenye matoleo ya majaribio ya Linux. Wiki chache zaidi, yangefika kwenye seva za kazi za watu wengi sana.

Kuna wanaosimulia kisa hiki kama ushahidi kwamba programu huria si salama, na wengine kama ushahidi kwamba ni salama. Mimi naona mambo mawili yote ni ya kweli na lazima uyabebe pamoja. Freund alikamata uovu kwa sababu msimbo, historia ya mabadiliko na mazungumzo ya mradi vilikuwa wazi. Angekuwa na programu iliyofungwa, angeandika malalamiko na kusubiri. Lakini uovu ulipenya kwa sababu dunia nzima ilikuwa imeegemea mgongo wa mtu mmoja bila kumuuliza hali. Tulikwisha kuonywa mwaka 2014, dosari ya Heartbleed ilipogunduliwa ndani ya OpenSSL, maktaba iliyokuwa inalinda mawasiliano ya sehemu kubwa ya tovuti duniani, na watu wakashangaa jinsi watu wachache mno walivyokuwa wakiihudumia kwa michango kidogo. Hili linaniuma. Kampuni zinazopata faida juu ya kazi ya watu hawa zina deni, na siku utakapokuwa na sauti kwenye bajeti naomba uitumie: mchango kidogo kwa mradi mnaoutegemea, au saa chache za mfanyakazi wenu kila mwezi.

Kwa kazi yako ya kila siku, fundisho kubwa limetoka kwingine. Desemba 2021 ilitangazwa dosari ya Log4j, maktaba ya kuandika logi kwenye programu za Java. Kiraka kilitoka haraka. Kilichowachelewesha wengi ni kutojua kwamba wanayo: ilikuwa imejificha ndani ya programu iliyokuwa ndani ya programu nyingine. Kwa hiyo, kabla hamjaweka kontena ya kwanza kazini, anzisha orodha ya kila programu na maktaba mnayotumia, toleo lake, mlikoitoa, na mtu wa ofisini anayefuatilia matangazo yake ya usalama. Ziko programu huria za kutengeneza orodha hiyo zenyewe. Umoja wa Ulaya umeshaweka orodha ya namna hii kwenye sheria yake ya usalama wa bidhaa za kidijitali, na watengenezaji wanaouza huko watabanwa na masharti makuu ya sheria hiyo kuanzia Desemba 2027. Anayejua kuiandaa mapema hatakosa kazi.

Sasa kuna eneo moja ambalo nataka uende nalo kikaoni ukiwa umeinua kichwa, kwa sababu wewe ndiye uliyeungua. Huria leo haimaanishi huria kesho. Desemba 2020 Red Hat ilitangaza kwamba CentOS 8, Linux ya bure inayofanana na ya Red Hat, ambayo watu walitarajia ihudumiwe hadi 2029, itaishia Desemba 2021. Waliokuwa wamejenga juu yake wakajikuta wanahama tena. Agosti 2023 kampuni ya HashiCorp iliiondoa Terraform, programu yake ya kuandaa seva kwa kuziandikia maelezo, kwenye leseni huria. Machi 2024 Redis, hifadhidata ya haraka inayokaa kwenye kumbukumbu ya mashine, ikafanya jambo kama hilo, ingawa mwaka 2025 ilirudisha leseni huria katika toleo jipya. Kila mara watu walichukua msimbo wa mwisho uliokuwa huria wakaendelea nao kwa jina jingine: OpenTofu kwa Terraform, Valkey kwa Redis, na kwa waliopoteza CentOS zikajengwa AlmaLinux na Rocky Linux. Njia ya kutokea ilikuwepo, na hilo ndilo tofauti na ankara yako. Lakini kuhama ni kazi, na kazi hiyo inamwangukia msimamizi.

Kwa hiyo kila jina linalopendekezwa mezani, uliza: mradi huu unamilikiwa na kampuni moja au unaendeshwa na wengi? Leseni yake ni ipi, na nani ana uwezo wa kuibadilisha? Wanaoandika msimbo wake wameajiriwa na wangapi? PostgreSQL, kwa mfano, haimilikiwi na kampuni moja. Imekuwa ikiendeshwa na jumuiya chini ya jina hilo tangu 1996, na kila toleo kuu huhudumiwa kwa miaka mitano. Meneja wako akikujibu kwamba kitu fulani ndicho kinachopendwa sasa, rudia swali lako kwa upole. Hayo ni maswali ya mtu aliyewahi kuletewa bili ya kushtua.

Nikae au niondoke? Kaa, kwa sharti moja ambalo nitakutajia. Kuhamisha kampuni hai, yenye wateja wanaosubiri, ni uzoefu ambao darasa haliwezi kukupa. Miezi 18 baadaye utakuwa mtu anayejua dunia zote mbili na daraja lililo kati yake, na kampuni nyingi sasa zinasimama mbele ya daraja hilo hilo. Ukikimbilia kwenye ofisi inayotumia ulivyovizoea, ankara itakufuata huko huko, na safari hii utakuwa na miaka 42.

Sharti lenyewe ni saa za kujifunza ndani ya muda wa kazi. Kujifunza usiku peke yako, watoto wakishalala, hakutoshi na kutakuchosha. Omba nusu siku mbili kila wiki na mashine ya kuharibu upendavyo, uombe kwa maandishi. Wakikataa kabisa, huku wakitegemea uhamishe kila kitu, hapo ndipo utafute pengine, na mimi sitakulaumu.

Wapi pa kuanzia: bekapu ya PostgreSQL. Acha kozi kumi, acha Kubernetes kwa sasa. Kampuni yenye huduma chache inaweza kwenda mbali na kontena za kawaida kwenye seva mbili tatu, na wengi wamejitwika mtambo ambao hawakuuhitaji. Hifadhidata ndiyo itakayowakosesha usingizi.

Sakinisha PostgreSQL kwenye mashine ya mazoezi, ingiza data za kubuni, chukua nakala kwa pg_dump. Kisha ifute mashine yote. Ndiyo, yote. Anza na mashine tupu na urudishe. Yaelekea mara ya kwanza utapata makosa yanayolalamika kwamba mtumiaji fulani hayupo, kwa sababu pg_dump hubeba hifadhidata moja lakini haibebi watumiaji wa seva nzima. Hao huchukuliwa kando kwa pg_dumpall. Ni heri ulijue hilo ukiwa peke yako Jumanne asubuhi. Ukishamudu, nenda kwenye kuhifadhi logi za miamala ili uweze kurudi hadi dakika ile ile kabla mtu hajafuta jedwali. Andika kila hatua kwenye faili ya maandishi na uiweke kwenye Git. Faili hiyo itakua iwe mwongozo wa ofisi, na jina lako litakuwa kwenye kila mstari.

Zoezi hilo litakupeleka kwenye mambo ya uhamisho ambayo hakuna atakayekutajia. Kama mnatoka Oracle, huko maandishi matupu huhesabiwa sawa na kukosekana kwa thamani, ilhali PostgreSQL huyatofautisha. Ripoti itakimbia bila kosa lolote na kutoa jumla isiyo sahihi. Mambo ya namna hiyo hugunduliwa na mtu anayeijua data ya kampuni, na huyo ni wewe. Kwa sababu hiyo pinga wazo la kuanza na mfumo wa mauzo. Anzeni na ufuatiliaji wa seva na nyaraka za ndani, mpate makovu madogo kwanza, na hifadhidata kuu iende sambamba kwa mizunguko miwili ya kufunga hesabu kabla ya kuzima ya zamani.

Cheti kije baada ya miezi sita, kimoja tu. Nakupendekezea RHCSA, cheti cha Red Hat cha usimamizi wa mfumo, kwa sababu mtihani wake ni wa vitendo: unakalishwa mbele ya mashine na kuambiwa fanya hivi, tengeneza hiki. CKA ya Kubernetes nayo ni ya vitendo, kama mtafika huko. Mwajiri anayezijua anaelewa kwamba aliyefaulu ana mikono, si kumbukumbu pekee.

Na siku ukikutana na hitilafu ya kweli kwenye programu mnayotumia, iripoti kwa wenyewe. Taja toleo, ulichofanya, ulichotarajia, kilichotokea, na hatua za kukirudia. Jibu linaweza kuchelewa. Upande wa pili kuna binadamu, huenda anajitolea. Lakini kiraka kikitoka, taarifa yako itabaki hadharani, na nimeona watu wakiajiriwa kwa taarifa tano nzuri za namna hiyo kuliko kwa ukurasa wa sifa walioandika wenyewe.

Nenda kaongee na yule kijana. Mwambie wazi kwamba amri bado zinakuchanganya, na umwombe akuonyeshe zile anazozipiga bila kufikiri. Kisha mwonyeshe ile orodha yako ya maswali ya leseni na mpango wa kufunga hesabu. Nadhani atashukuru, miezi 18 ni mirefu kwake pia.

Ukishafanya zoezi la kurudisha bekapu, niandikie. Nataka kujua lilichukua dakika ngapi mara ya kwanza, na ngapi mara ya tatu.